Nauli ya Mwanafunzi: Mhadhara Kuhusu Gemu Moja na Bei Zake Nyingi

Nitaanza na kisa cha nyumbani, kwa sababu ndicho kilichonifanya niikubali mada hii.

Desemba moja nilikuwa Tanga kwa dada yangu. Baada ya chakula cha usiku, mpwa wangu alitoka barazani na simu mkononi na daftari gotini. Kijana huyu anafanya kazi ya kutoa kopi kwenye duka la steshenari, na nyumbani ana kompyuta ya mtumba aliyoifufua mwenyewe. Kwa miezi mitatu alikuwa akidunduliza fedha za kununua gemu moja. Bei yake ya kawaida ilikuwa dola 39.99, lakini kwa punguzo la mwisho wa mwaka ilikuwa imeshuka hadi dola 19.99. Kwenye daftari alikuwa ameandika hesabu yake: dola ishirini kwa shilingi 2,600 ni shilingi 52,000. Alikuwa na 52,500. Akaingiza fedha kwenye kadi ya mtandaoni iliyounganishwa na simu, akabonyeza, akasubiri. Muamala ukakataliwa. Kiwango cha kadi cha kubadilishia fedha kilikuwa juu kidogo, kulikuwa na makato ambayo hakuyajua, na alikuwa amepungukiwa shilingi mia sita. Wakala alikuwa amekwisha funga. Kulipokucha punguzo lilikuwa limekwisha.

Kilichomuuma hasa hakikuwa zile mia sita. Kijana wa Misri anayecheza naye usiku kwa mtandao alikuwa ameinunua gemu hiyo hiyo, katika duka hilo hilo, wiki hiyo hiyo, kwa dola chache kuliko hizo. Akanigeukia akaniuliza, "Mjomba, gemu ni moja, duka ni moja. Kwa nini bei yake si moja? Hii ni haki?"

Usiku ule sikuwa na jibu la kumpa. Mhadhara huu ndio jibu langu.

Kiti kimoja, nauli mbili

Tuanze na kitu ambacho kila aliyemo humu amekiona. Panda daladala ya Dar es Salaam asubuhi. Kwa nauli za LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, zilizoanza kutumika Desemba 2023, safari isiyozidi kilomita kumi ni shilingi 600 kwa mtu mzima na 200 kwa mwanafunzi. Gari ni moja, njia ni moja, foleni ni moja. Hakuna abiria anayesimama kudai kwamba ameibiwa shilingi 400 kwa sababu mtoto aliyekaa pembeni yake amelipa 200. Sote tunaelewa. Mfuko wa mtoto si mfuko wa mtu mzima, na taifa linataka mtoto yule afike shuleni.

Lakini tazameni vizuri nini kinaiwezesha nauli hiyo kusimama. Kwanza, kuna mtu aliyeamua: mamlaka iliketi, ikapiga hesabu, ikaandika namba. Pili, kuna alama: mwanafunzi anajulikana kwa sare na kitambulisho, na sare hiyo mtu mzima hawezi kuiazima akapita nayo. Tatu, mwenye gari bado anapata riziki yake. Ikikosekana mojawapo, nauli ya mwanafunzi inakufa. Na sote tunajua konda anavyomzuia mwanafunzi mlangoni wakati wa msongamano, kwa sababu kiti alichokalia wa 200 kingeweza kukaliwa na wa 600.

Naomba mshike mambo hayo matatu, yaani mwamuzi, alama na riziki ya muuzaji. Kila nitakalosema baada ya hapa limo ndani yake.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1849 Jules Dupuit, mhandisi wa Ufaransa, aliandika kuhusu mabehewa ya treni ya daraja la tatu ambayo wakati ule hayakuwa na paa. Alieleza kwamba kampuni za reli hazikushindwa kununua mbao za kuezekea. Ziliwaacha maskini wanyeshewe ili mwenye uwezo wa kulipia daraja la pili asishawishike kushuka daraja la tatu. Hicho ndicho kisu chenye makali pande zote mbili ninachotaka tukichunguze leo. Kutofautisha bei kunaweza kumpandisha garini mtu ambaye angeachwa kituoni. Kunaweza pia kumwacha anyeshewe kwa makusudi.

Bidhaa isiyokaa kwenye kiti

Gemu inayouzwa kwa kupakuliwa inatofautiana na kiti cha daladala kwa jambo moja kubwa: haijazi nafasi. Mpwa wangu akipakua nakala moja, nakala zilizobaki hazipungui. Kazi yote na gharama yote imo katika nakala ya kwanza, yaani mishahara ya wachoraji, waandishi wa programu na wanamuziki kwa miaka mitatu au mitano. Nakala ya pili hadi ya milioni moja haihitaji karatasi wala kontena, wala haipiti bandarini. Gharama yake ni umeme na waya.

Kwa hiyo konda wa gemu hana sababu ya kumzuia mwanafunzi mlangoni. Mnunuzi wa Tanga akilipa dola saba, hamnyang'anyi nafasi mnunuzi wa Texas aliyelipa dola ishirini. Kama asingelipa hizo saba asingelipa kitu, na muuzaji angebaki na sifuri. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, na sijui bidhaa inayolithibitisha neno hilo kuliko hii.

Wafanyabiashara wa kwetu walilijua hili kabla ya vitabu vya uchumi. Muuza duka wa mtaani hupimia mafuta ya kula kwa kijiko na sukari kwa kifuko cha robo. Kampuni za simu zilipoingia zilijifunza kwake. Safaricom ilipoanza Kenya mwaka 2000 ilitoza simu kwa sekunde, na baadaye ikaleta vocha ndogo ndogo ambazo hata kibarua wa siku aliweza kuzimudu. Haikuwa huruma. Walijua kwamba mteja yupo na anataka, ila mfuko wake una kipimo chake. Jikune ujipatapo, naye muuzaji mwerevu humfuata mteja pale mkono wake unapofika.

Bei inavyopangwa

Sasa tuingie dukani. Nitalitumia duka la Steam kuwa mfano, kwa sababu ndilo kubwa zaidi kwa gemu za kompyuta na kanuni zake ziko wazi. Lilifunguliwa na kampuni ya Valve ya Marekani mwaka 2003. Mtengenezaji anayeuza humo hupanga bei ya msingi kwa dola ya Marekani. Kisha Valve humpa mapendekezo ya bei kwa kila sarafu inayotumika dukani, na sarafu hizo ni zaidi ya thelathini. Mtengenezaji anaweza kuyakubali au kuyabadilisha. Duka huchukua asilimia 30 ya mauzo, na sehemu hiyo hupungua kwa gemu zinazouza kwa mamilioni ya dola.

Mwanzoni hali haikuwa hivyo. Duka liliuza kwa dola tu. Lilipoanza kutoza kwa euro mwishoni mwa 2008, gemu nyingi zilibandikwa namba ile ile: iliyokuwa dola 50 ikawa euro 50, ilhali euro moja ilikuwa na thamani kubwa kuliko dola. Wanunuzi wa Ulaya walipiga kelele, na walikuwa na haki. Namba kuwa sawa hakufanyi bei kuwa sawa.

Somo kubwa lilitoka Urusi. Watu wengi katika biashara hii walidai kwamba Warusi hawanunui gemu, wanaiba tu. Gabe Newell, mmoja wa waasisi wa Valve, aliwapinga hadharani mwaka 2011. Alisema uharamia ni tatizo la huduma zaidi ya bei, kwamba mwizi wa mtandaoni alikuwa akimpa Mrusi gemu mapema na kwa lugha yake huku muuzaji halali akimchelewesha. Valve ilipoihudumia Urusi ipasavyo, nchi hiyo ikawa miongoni mwa masoko yake makubwa Ulaya. Nakubaliana naye kwa nusu. Huduma ni mlango, lakini hata mlango uliofunguliwa una kizingiti, na kizingiti ni bei. Leo Warusi, Wahindi na Wabrazili huziona bei katika sarafu zao, na mara nyingi bei hizo ziko chini ya zile za Marekani zikigeuzwa kuwa dola. Mteja aliyeitwa mwizi alikuwa mteja ambaye hajauziwa bado.

Sare na ukuta

Nilisema nauli ya mwanafunzi inahitaji alama. Bei ya kikanda nayo inahitaji alama, na hapa ndipo palipo na maumivu.

Mwishoni mwa 2014 rubo ya Urusi ilianguka na kupoteza karibu nusu ya thamani yake. Ghafla gemu za Urusi zikawa rahisi mno kwa mtu mwenye dola, na watu wa nchi nyingine wakaanza kuzikusanya kama zawadi na kuziuza tena. Desemba hiyo Valve ikajenga ukuta: gemu iliyonunuliwa Urusi au Brazili haikuweza tena kutumwa kama zawadi kwa mtu wa eneo jingine. Mwaka 2017 kanuni za zawadi zikakazwa zaidi. Mwaka 2021 ikawekwa kanuni kwamba mtu hawezi kubadilisha nchi ya akaunti yake zaidi ya mara moja kwa miezi mitatu.

Ukuta haukutosha. Argentina na Uturuki zilikuwa na bei za chini sana, na sarafu zake zilikuwa zikiporomoka. Mfumuko wa bei Uturuki ulifika asilimia 85 Oktoba 2022, na Argentina ilimaliza mwaka 2023 ukiwa umepita asilimia 200. Bei iliyopangwa kwa peso mwaka mmoja ilikuwa karibu bure mwaka uliofuata. Vijana wa Ulaya na Amerika wakajifanya wakazi wa Istanbul na Buenos Aires kwa kutumia VPN, yaani programu za kuficha mahali mtu alipo, na kadi za kununua. Wakavaa sare ya shule wakiwa na ndevu.

Valve ilipandisha mapendekezo yake ya bei kwa nchi hizo zaidi ya mara nne Oktoba 2022. Kisha Novemba 20, 2023 ikaiondoa kabisa peso ya Argentina na lira ya Uturuki. Badala yake ikaunda kanda mbili za bei zinazotumia dola: moja ya Amerika ya Kilatini, na nyingine ya Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini, ambamo zimo Uturuki, Misri na Morocco. Katika kanda hizo mnunuzi hulipa dola, lakini muuzaji anaweza kumwekea dola chache kuliko za Mmarekani. Hata hivyo kwa kijana wa Buenos Aires gemu nyingi zilipanda mara kadhaa kwa usiku mmoja. Yeye hakumdanganya mtu. Aliadhibiwa kwa udanganyifu wa wageni waliovaa sare yake.

Ninyi vijana, nawaomba mlitafakari hili. Najua wapo humu wenye akaunti iliyoandikwa kwamba wanaishi California au Johannesburg. Nafahamu kilichowasukuma, na nitafika hapo. Lakini kila uongo wa anwani hulipiwa na mtu, na mara nyingi anayelipa ni maskini mwenzako aliyeandika ukweli.

Pale ukuta unapokuwa dhuluma

Je, ukuta ni halali daima? Hapana, na wapo walioliamua jambo hili rasmi.

Januari 2021 Kamisheni ya Ulaya iliitoza Valve na kampuni tano za gemu faini ya jumla ya euro milioni 7.8. Kosa lao lilihusu namba za kufungulia gemu. Nakala zilizouzwa katika nchi kama Poland, Hungary, Romania na Latvia, ambako bei ni za chini, zilizuiwa zisifunguke kwingine ndani ya Umoja huo huo wa Ulaya. Kampuni tano zilishirikiana na wachunguzi zikapunguziwa. Valve ilikataa, ikatozwa zaidi ya euro milioni 1.6, ikakata rufaa, na Septemba 2023 mahakama ikaikataa hoja yake. Angalieni uamuzi huu kwa makini. Haukusema kwamba bei ya Poland lazima ilingane na ya Ujerumani. Ulisema kwamba waliokwisha kukubaliana kuwa soko moja, mnunuzi wao asijengewe ukuta ndani ya soko hilo.

Australia nayo ilikuwa na malalamiko ya upande mwingine. Ni nchi tajiri, na wauzaji waliipandishia bei kwa sababu tu waliona wananchi wake wanaweza kulipa. Bunge lake likafanya uchunguzi na kuziita Apple, Microsoft na Adobe kujieleza. Ripoti iliyotoka 2013 ilionyesha kwamba Waaustralia walikuwa wakilipa mara nyingi hadi asilimia 50 zaidi, au hata kupita hapo, kwa bidhaa za kidijiti ambazo hazikupanda meli wala ndege. Wabunge hawakuridhika na visingizio vya umbali. Kitu kinachosafiri kwa waya hakina nauli ya kwenda Sydney.

Na kuna jambo ambalo kitabu kinaruhusu na gemu hairuhusu. Supap Kirtsaeng, mwanafunzi kutoka Thailand aliyekuwa akisoma Marekani, aliletewa vitabu vya chuo vilivyonunuliwa kwao kwa bei ya Asia akaviuza Marekani kwa faida. Mchapishaji alimshtaki. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimpa ushindi kijana huyo: kitabu kilichonunuliwa kihalali, aliyekinunua anaweza kukiuza. Gemu ya kupakua haina uhuru huo. Huuziwi kitu, unapewa ruhusa ya kukitumia, na ruhusa hiyo imefungwa kwenye jina lako. Muuzaji wa gemu, kwa hiyo, ana nguvu ambayo muuzaji wa kitabu hakuwahi kuwa nayo: anaweza kulinda bei ya kila nchi bila kuogopa mfanyabiashara wa mpakani. Mwenye nguvu kubwa hivyo anadaiwa uadilifu unaolingana nayo.

Sisi tumekaa kiti gani?

Sasa tuje kwetu. Katika orodha ya sarafu za Steam, Afrika ina sarafu moja tu, randi ya Afrika Kusini. Shilingi ya Kenya haimo. Shilingi ya Tanzania haimo, wala ya Uganda, wala faranga za Rwanda, Burundi na Kongo. Kanda ya bei ya dola ya kwetu pia haipo. Sisi tumewekwa kwenye bei ya msingi, ile ile ya Marekani.

Pigeni hesabu nami. Tangu 2020 gemu nyingi kubwa huanza kuuzwa kwa dola 70. Kima cha chini cha shirikisho nchini Marekani ni dola 7.25 kwa saa, na hakijabadilika tangu 2009. Anayelipwa kiasi hicho huifanyia kazi gemu hiyo chini ya saa kumi. Nairobi, kima cha chini cha kibarua wa kawaida kilichoanza kutumika Novemba 2024 ni shilingi 16,113 kwa mwezi. Dola 70 ni kama shilingi 9,000 za Kenya, zaidi ya nusu ya mwezi. Tanzania, kima cha chini cha mtumishi wa umma kilipandishwa Julai 2025 kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000. Hata kwa kima hicho kipya, gemu hiyo inameza zaidi ya theluthi ya mshahara, na anayelipwa hivyo ni mwenye ajira rasmi na hati ya malipo. Mpwa wangu hana.

Huku si kuonewa kwa makusudi. Hakuna aliyeketi akasema Waafrika Mashariki watozwe bei ya New York. Kilichotokea ni kwamba hakuna aliyeketi kabisa. Nauli yetu haina mwamuzi. Mtoto amesimama kituoni na sare yake, na konda hamwoni.

Na kutoonekana huku hakuishii kwenye bei. Mei 2024 Sony ilitaka kila mchezaji wa gemu ya Helldivers 2 kwenye kompyuta awe na akaunti ya PlayStation Network, huduma ambayo kusini mwa Sahara imefunguliwa rasmi Afrika Kusini pekee. Gemu ikaondolewa sokoni katika nchi 177. Wachezaji wa dunia nzima walipinga kwa sauti moja, na ndani ya siku chache Sony ikaliacha sharti hilo. Hapo ndipo baadhi yetu tulipogundua kwamba vibanda vingi vya PS kutoka Mombasa hadi Bujumbura vinaendeshwa kwa akaunti zilizoandikwa anwani za kubuni. Muuzaji hakumwachia mteja mwaminifu mlango wa kuingilia, kisha akashangaa kumkuta dirishani.

Mtu atasema soko letu ni dogo, halilipi. Ingieni katika kibanda kimoja cha gemu jioni, Magomeni au Kisauni au Kawempe. Mtaona benchi la mbao, televisheni mbili, pedi zilizofungwa kwa gundi ya karatasi, na watoto kumi na watano wanaosubiri zamu. Kila mechi inalipiwa sarafu mkononi kabla haijaanza. Huyo ni mteja anayelipa kila siku, na fedha zake hazimfikii mtengenezaji hata senti, kwa sababu gemu yenyewe mara nyingi imekrekiwa au imechomwa kwenye diski. Hatukosi utayari wa kulipa. Tunachokosa ni bei ya kupimia.

Wauzaji wa bidhaa nyingine walikwisha liona hili. Netflix ilipofika Kenya Januari 2016 ilitoza kwa dola. Baadaye ilihamia bei za shilingi, na mwaka 2021 ilifungua Kenya mpango wa bure kwa watumiaji wa simu za Android ili kujaribu soko. Ikiwa filamu imeweza kutazama mfuko wa mteja wa Nairobi, gemu inaweza pia.

Lakini kuna mtu anayeumia zaidi ya mnunuzi, na ndiye hasa aliyenileta jukwaani. Ni mtengenezaji wetu. Chukueni kundi la vijana wa Nairobi au Kampala waliotengeneza gemu yenye hadithi za kwao na sauti za Kiswahili. Wanaipeleka kwenye duka la dunia. Wanaweza kumpangia Mwargentina bei yake, na Mhindi bei yake, na Mmisri bei yake. Kwa jirani yao wa mtaa huo huo hawawezi, kwa sababu Kenya na Uganda zimo ndani ya bei ya Marekani. Wakipunguza kwa ajili ya jirani, wamempunguzia na tajiri wa Seattle. Wakiiacha, jirani hanunui. Mwana wa nyumbani ananyimwa mamlaka ya kuwapangia bei watu wa nyumbani.

Ninachopendekeza

Sidai gemu za bure, na sidai huruma. Nadai tupewe nafasi ambayo wengine wamekwisha pewa.

Jumuiya ya Afrika Mashariki leo ina nchi nane wanachama na watu zaidi ya milioni 300. Itifaki ya soko la pamoja imekuwapo tangu 2010. Kama nchi kadhaa za Amerika ya Kilatini zimeweza kuwa kanda moja ya bei kwa dola, bila duka kulazimika kuhangaika na sarafu ya kila moja, basi nchi nane za Jumuiya zinaweza. Njia imekwisha chongwa. Kinachokosekana ni mtu wa kubisha hodi, na mwenye kubisha anapaswa kuwa Jumuiya yenyewe, kwa sauti moja, kupitia mamlaka zake za ushindani wa biashara na mawaziri wa tehama.

Tuna cha kusimamia. Kenya hutoza VAT ya asilimia 16 kwa huduma za kidijiti zinazouzwa na kampuni za nje, na Tanzania nayo tangu 2022 imeziandikia sheria ya kodi kampuni hizo. Serikali inayomtaka muuzaji wa mbali alipe kodi ina haki pia ya kumuuliza: umewapangia wananchi wangu bei gani, na kwa kipimo kipi?

Wenye kampuni za fedha kwa simu, nanyi mna sehemu yenu. Ukazi wa mtu unaweza kuthibitishwa kwa laini yake iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha taifa. Hiyo ndiyo sare tuliyokuwa tukiitafuta, na haiazimiki kwa urahisi kama VPN. M-Pesa ilizaliwa Kenya mwaka 2007 na leo iko hadi Msumbiji na Kongo. Malipo ya moja kwa moja kwa simu yangewaonyesha wauzaji wateja wa kweli wa Afrika Mashariki, na yangemwondolea mnunuzi makato ya kadi yaliyomkwamisha mpwa wangu kwa shilingi mia sita. Na kanda hiyo ikipatikana, tusijengeane kuta ndani yake. Gemu iliyonunuliwa Arusha ifunguke Goma na Kigali. Ulaya imekwisha tufundisha hilo, tena kwa faini.

Watengenezaji wa gemu mlio mbali, kama sauti hii itawafikia, nawaambia bila kuficha: hamtapoteza mauzo ya kwetu kwa kushusha bei, kwa sababu mauzo hayo hamjawahi kuwa nayo. Mtapata wateja wapya, nasi tutapata kulipa kihalali na kwa heshima.

Na wewe, mpwa wangu, uliyekaa safu ya tatu na daftari lako: uliniuliza kama ni haki. Bei ya Mmisri kuwa chini kuliko ya Mmarekani ni haki. Bei yako kuwa ya Mmarekani si haki. Usiandike anwani ya uongo. Andika Tanga, kisha uandike barua kwa wauzaji, kwa mbunge wako na kwa Jumuiya, nasi tuliomo humu tutaandika pamoja nawe hadi nauli yako itangazwe.